Fedha ya Pamba Isiyopandwa



Juma lililopita kijana mmoja wa shule alitujia baada ya masomo, akiwa na kipande cha gazeti mkononi. Alikuwa amesoma ya kuwa katika nchi ya Marekani Serikali huwapa wakulima fedha nyingi, na kwamba wako hata wanaolipwa kwa ajili ya shamba ambalo mwaka huo halikupandwa kitu. Akatuuliza: «Mwalimu, baba yangu hulima toka alfajiri, wala hakuna anayempa fedha ila yule anayenunua mihogo yake. Mbona wale wanalipwa wasilime?»

Tulitaka kumjibu upesi, tukaona hatuwezi. Swali lake lina maswali mawili ndani yake. La kwanza: kwa nini Serikali imlipe mkulima? La pili, nalo ndilo zito zaidi: fedha ikiisha kutolewa, yaingia mkononi mwa nani? Basi twaona yafaa tuwaeleze ninyi nyote, akina baba, akina mama na vijana, kisa cha wilaya moja tu. Mambo ya nchi nzima ni makubwa mno kwa ukurasa huu, lakini wilaya moja mtu aweza kuitazama kama anavyotazama kijiji chake.

Wilaya hiyo yaitwa Poinsett, katika jimbo la Arkansas, upande wa magharibi wa mto mkubwa wa Mississippi. Zamani sehemu yake kubwa ilikuwa mabwawa na misitu. Watu wakakata miti, wakachimba mifereji ya kutoa maji, wakapata udongo mzuri sana ulioletwa na mafuriko ya miaka mingi. Wakapanda pamba.

Lakini wengi wa waliolima pamba ile, weusi na weupe, hawakuwa na ardhi yao wenyewe. Ardhi ilikuwa ya bwana mmoja, naye aliigawa vipande vipande kwa jamaa za wapangaji. Bwana alitoa ardhi, nyumba ya mbao, mbegu na nyumbu wa kulimia (si yule wa porini, bali mnyama azaliwaye na punda na farasi). Mpangaji alitoa mikono yake, ya mkewe na ya watoto wake. Mavuno yaligawanywa nusu kwa nusu. Tena, kabla ya mavuno mpangaji alikopa chakula na nguo katika duka la bwana, na deni hilo lilikatwa katika nusu yake, pamoja na faida kubwa. Mwaka ukiisha, wengi walitoka mikono mitupu, wengine na deni jipya. Na kitabu cha hesabu aliandika nani? Aliandika bwana.

SABABU YA MSAADA

Mwaka 1929 ratili moja ya pamba iliuzwa karibu senti 17 za Marekani. (Ratili ni pungufu kidogo ya nusu kilo, na senti 100 ni dolari 1.) Mwaka 1931 bei ilianguka hata senti 6 hivi. Viwanda vya nchi nyingi vilikuwa vimefungwa, na pamba ilikuwa imejaa maghalani bila mnunuzi. Kadiri bei ilivyoshuka, ndivyo wakulima walivyozidi kulima ili wapate kulipa madeni, na kadiri walivyolima, ndivyo bei ilivyozidi kushuka. Hapo hakuna mkulima awezaye kujiokoa peke yake. Akipunguza shamba lake, jirani atapanda zaidi, na bei itabaki pale pale.

Kwa hiyo mwezi wa Mei mwaka 1933, Rais Franklin Roosevelt alitia sahihi sheria mpya ya kilimo. Maana yake ilikuwa hivi: mkulima akikubali kupunguza shamba lake, Serikali itamlipa kwa ile sehemu aliyoiacha. Pamba ikipungua sokoni, bei itapanda, na wote watapumua. Fedha ya malipo ilitoka katika kodi waliyotozwa wenye viwanda.

Sheria ilipotoka, pamba ya mwaka ule ilikuwa imekwisha kuota. Basi wakulima waliambiwa waing'oe kwa jembe la kukokotwa, na wakaharibu yapata eka milioni 10. (Eka moja ni kama sehemu 4 katika 10 za hekta.) Watu husimulia ya kwamba nyumbu waligoma kufanya kazi ile. Walikuwa wamefundishwa tangu udogo wasikanyage mistari ya pamba, na sasa wakawa wanapigwa ili waikanyage. Wengi walichukizwa sana kuona mazao yakiangamizwa wakati ambapo maskini hawana nguo. Hata hivyo bei ilipanda. Mwaka 1934 ilifika kama senti 12.

Basi swali la kwanza la kijana wetu limepata jibu. Serikali haikuwalipa wale watu kwa uvivu. Iliwalipa ili waache pamoja jambo ambalo hakuna awezaye kuliacha peke yake. Shauri lenyewe halikuwa baya. Ubaya uliingia katika namna ya kugawa.

HESABU YA MPANGAJI

Vijana, chukueni kalamu. Tuseme mpangaji mmoja alilima eka 20, na kila eka ilitoa ratili 200 za pamba safi. Hizo ni ratili 4,000. Kwa bei ya senti 6 zapata dolari 240. Nusu ya mpangaji ni dolari 120, na nusu ya bwana ni dolari 120. Tunaacha kando deni la duka.

Sasa yaja sheria. Mwaka 1934 mashamba yalipunguzwa yapata sehemu mbili katika tano. Eka 8 zikapumzika, zikabaki 12. Eka 12 zatoa ratili 2,400, na kwa bei mpya ya senti 12 ni dolari 288. Kila mmoja apata 144. Twaona tayari ya kuwa wote wawili wamepata zaidi, ingawa wamelima kidogo.

Tena kuna malipo ya Serikali kwa zile eka 8 zilizopumzika. Hizo zingetoa ratili 1,600. Mkataba uliahidi jumla ya senti nne na nusu kwa kila ratili, yaani dolari 72. Lakini hapa hazikugawanywa nusu kwa nusu. Senti 4 zilikuwa za bwana, na nusu senti ilikuwa ya mpangaji. Basi bwana apata dolari 64, mpangaji apata dolari 8.

Jumla yake: mpangaji dolari 152, bwana dolari 208. Mtu aweza kusema: «Hata hivyo mpangaji ameongezewa. Kwa nini alalamike?» Ni kweli. Aliyebaki shambani aliongezewa. Lakini fanyeni hesabu moja zaidi, maana wenye mashamba nao walijua kuhesabu.

Bwana akimfukuza yule mpangaji, na zile eka 12 akazilimisha kwa vibarua wa kutwa, mavuno yote ni yake: dolari 288. Malipo ya Serikali nayo yote ni yake: dolari 72. Hizo ni dolari 360. Tuseme alipa vibarua dolari 100: zabaki 260. Akimweka mpangaji, 208. Akimtoa, 260. Sheria iliyotungwa kwa kuwasaidia wakulima ilikuwa imeweka tuzo ya dolari 52 juu ya kichwa cha kila mpangaji atakayetolewa nyumbani kwake. Hizi ni hesabu zetu za kufundishia, lakini njia ya mambo ilikuwa ndiyo hiyo.

Waliotunga mkataba walilifikiri jambo hili. Waliandika ndani yake ya kuwa mwenye shamba ajitahidi kwa nia njema, kadiri iwezekanavyo, kubakiza hesabu ile ile ya wapangaji, na awaache wakae katika nyumba zao. Lakini angalieni maneno haya: «kwa nia njema», «kadiri iwezekanavyo». Ni nani atakayepima nia ya mtu? Malalamiko yalipelekwa kwa kamati ya wilaya, na katika kamati walikaa wenye mashamba wenyewe, au rafiki zao.

MKUTANO WA TYRONZA

Katika wilaya ya Poinsett kuna mji mdogo uitwao Tyronza. Mwenye shamba kubwa mmoja wa karibu na hapo aliondoa jamaa kadhaa za wapangaji. Basi mwezi wa Julai mwaka 1934 wanaume 18 walikutana usiku katika nyumba ya shule, weupe 11 na weusi 7. Waliowaongoza walikuwa vijana wawili wa mjini: H. L. Mitchell, aliyekuwa na duka la kufulia na kupiga pasi nguo, na Clay East, aliyekuwa akiuza mafuta ya motokari katika jengo lililo ubavuni mwake.

Swali lao la kwanza lilikuwa hili: tufanye chama kimoja au viwili, cha weupe mbali na cha weusi mbali? Katika nchi ile na siku zile, desturi na sheria zilitenga watu kwa rangi yao hata katika shule na magari ya moshi. Hapo mzee mmoja mweusi akasimama. Mwaka 1919 alikuwa katika chama cha wapangaji weusi kule Elaine, katika jimbo lile lile la Arkansas, chama kilichovunjwa kwa risasi, na watu weusi wengi sana wakauawa. Aliwaonyesha ya kuwa wakitengana watavunjwa vile vile, kwa maana bwana wao ni mmoja na shida yao ni moja. Wakakubaliana chama kiwe kimoja. Kiliitwa Chama cha Wapangaji wa Mashamba wa Kusini. Baada ya miaka michache kilihesabu wanachama zaidi ya 25,000.

Walianza kwa njia ya amani: walikwenda mahakamani. Waliomba hukumu ya kwamba mwenye shamba amevunja mkataba wa Serikali kwa kuwatoa. Mahakama zikawakatalia. Mkataba, wakaambiwa, ni wa mwenye shamba na Serikali. Ninyi hamkutia sahihi. Basi hamna la kudai.

Twaomba msomaji asimame kidogo hapa. Mtu aliyelima eka zile kwa miaka, aliyezika watoto wake karibu nazo, alikuja kuambiwa ya kuwa katika karatasi ya shamba lake yeye hayumo. Hakuna aliyesema kazi yake si kazi. Walisema tu jina lake halikuandikwa. Wahenga walituachia neno: mali bila daftari hupotea bila habari. Hapa daftari lilikuwapo, ila lilikuwa la mwingine.

Hata huko Washington, katika ofisi za Serikali, watu waligawanyika. Wanasheria kadhaa wa idara ya kilimo, chini ya Jerome Frank, walitoa maelezo ya kuwa mkataba wamlazimu mwenye shamba kubakiza wapangaji wale wale, si kuweka wengine wapya mahali pao. Wakubwa wa idara wakakasirika, kwa sababu waliwahitaji wenye mashamba makubwa na wajumbe wao katika Bunge. Mwezi wa Februari mwaka 1935, kwa idhini ya waziri Henry Wallace, Frank na wenzake wakaondolewa kazini. Mwezi wa Januari mwaka 1936 Mahakama Kuu ya nchi ikaibatilisha ile kodi ya viwanda pamoja na mikataba yake, lakini kwa sababu nyingine kabisa: haikuwa kwa ajili ya wapangaji. Bunge likatunga sheria nyingine mwaka 1936, na nyingine mwaka 1938, na malipo yakaendelea.

Chama nacho hakikulala. Wakati wa kuchuma pamba mwaka 1935, watu wake walikaa majumbani wakadai dolari 1 kwa kila ratili 100 watakazochuma. Mahali pengi walipata senti 75. Lakini wengine walipigwa, wengine wakafungwa, na viongozi wakalazimika kuhamisha ofisi yao mjini Memphis, ng'ambo ya mto.

SHERIA NJEMA, MATUNDA MABAYA

Labda mtasema: dawa ni nyepesi, sheria iagize tu mpangaji apate sehemu yake ya haki. Ndivyo ilivyofanyika. Sheria ya mwaka 1938 ilitaka mpangaji apate sehemu ya malipo kama sehemu yake ya mavuno: akigawana mavuno nusu kwa nusu, na malipo yawe hivyo hivyo.

Matokeo yake yalionekana kaskazini ya Poinsett, katika pembe ya kusini-mashariki ya jimbo la Missouri. Wenye mashamba wengi wa huko walisema: ikiwa ni lazima kugawana na mpangaji, basi tusiwe na mpangaji. Mwezi wa Januari mwaka 1939, katika baridi kali, zaidi ya watu 1,000, wengi wao weusi, walijipanga kando ya barabara kuu mbili pamoja na vitanda, majiko na watoto wao, ili kila mpita njia aone. Aliyewaongoza alikuwa mhubiri mweusi aitwaye Owen Whitfield, naye mwenyewe alikuwa mpangaji. Baada ya siku chache maofisa wakawaondoa barabarani, lakini nchi nzima ilikuwa imekwisha kuwaona.

Hili ni jambo la kufikiriwa sana. Haki iliyoandikwa kwa mtu ambaye aweza kufukuzwa kesho yaweza kuwa ndiyo sababu ya kufukuzwa kwake. Mpe sehemu ya fedha, lakini usipolinda mahali pake pa kukaa, fedha itamtoa. Ndipo wengi wakawa vibarua, wengine wakaenda mijini. Na wenye mashamba walikuwa na fedha ya kununua trekta. Baada ya vita ya pili ya dunia zilikuja mashine za kuchuma pamba, na ile mikono iliyobaki haikuhitajiwa tena. Mwaka 1935 Marekani ilikuwa na mashamba kama milioni 6.8. Katika hesabu ya mwaka 2022 yalibaki milioni 1.9. Hatusemi kwamba malipo peke yake ndiyo yaliyofanya hivyo, kwa maana mashine na viwanda vya mijini vingewavuta watu hata hivyo. Lakini malipo yaliharakisha safari, nayo yalichagua nani aende na nani abaki.

WILAYA ILE LEO

Mtu akienda Poinsett siku hizi, ataona mashamba makubwa yasiyo na watu wengi. Kuna soya, na zaidi ya yote kuna mpunga. Wilaya hii ni mojawapo ya zile zivunazo mpunga mwingi kabisa katika Arkansas, na Arkansas peke yake hutoa karibu nusu ya mpunga wote wa Marekani. Jengo la Mitchell na East mjini Tyronza limekuwa makumbusho.

Malipo yapo bado, ila yamebadili sura. Kila shamba lina idadi ya eka zilizoandikwa katika ofisi ya Serikali ya wilaya, kufuata yale yaliyolimwa huko miaka ya nyuma. Sheria huweka bei ya msingi. Kwa mfano, sheria ya mwaka 2014 iliweka dolari 14 kwa kila ratili 100 za mpunga mrefu. Bei ya mwaka ikiwa 12, Serikali hujaza zile 2 zilizopungua, lakini kwa eka 85 tu katika kila eka 100 zilizoandikwa. Vijana waweza kupiga hesabu: eka 100 zilizoandikwa, kila moja yahesabiwa magunia 50 ya ratili 100, basi 85 mara 50 mara 2 ni dolari 8,500. Nayo hulipwa hata kama mwaka ule mkulima alipanda soya badala ya mpunga, maana kinachotazamwa ni daftari la zamani. Hapo ndipo kijana wetu alipopata habari ya watu kulipwa kwa zao wasilolipanda.

Nani hulipwa? Sheria ya leo yasema ni yule anayelima na kubeba hatari ya hasara. Akikodi shamba kwa fedha, malipo ni yake. Wakigawana mavuno na mwenye ardhi, watagawana na malipo. Hiyo ni haki zaidi kuliko mwaka 1934. Lakini mwenye ardhi ajua ya kuwa mpangaji wake atapata fedha, naye mwaka unaofuata huongeza kodi. Kwa njia hiyo sehemu ya malipo hutoka mlangoni na kurudi dirishani kwake. Na kibarua anayeendesha mashine hana sehemu katika malipo hayo.

Kuna mpaka pia. Kwa miaka mingi mtu mmoja hakuweza kupokea zaidi ya dolari 125,000 kwa mwaka katika malipo ya namna hii, na sheria ya mwaka 2025 ilipandisha mpaka huo hata 155,000. Lakini mume na mke waweza kuhesabiwa watu wawili, na ndugu wakishirikiana kwa namna fulani ya ushirika kila mmoja huhesabiwa peke yake. Na kwa kuwa malipo hufuata idadi ya eka, mwenye eka nyingi hupata nyingi, na mwenye chache hupata chache, ingawa huyu ndiye bei mbaya humwumiza upesi.

Tena yafaa kutazama ni nani akaaye katika kamati. Katika kila wilaya wakulima huchagua wenzao wa kukaa katika kamati ya msaada wa kilimo. Ni desturi nzuri, kwa maana jirani ajua shamba la jirani yake. Lakini jirani ana na chuki zake. Wakulima weusi walilalamika kwa miaka mingi ya kuwa maombi yao ya mikopo na ya misaada yalicheleweshwa hata msimu ukapita, au yalikataliwa bila sababu. Mwaka 1997 waliishitaki idara ya kilimo, na mwaka 1999 mahakama ikakubali mapatano. Hatimaye zaidi ya dolari milioni 1,000 zililipwa. Kwa wengi ilikuwa baada ya shamba kwisha kuuzwa. Mwaka 1920 wakulima weusi wa Marekani walikuwa zaidi ya 900,000. Katika hesabu ya mwaka 2022 hawakufika 50,000.

NENO KWA JAMAA ZETU

Tumewapeleka mbali, akina baba na akina mama, lakini tulikuwa tukiwaza nyumba zetu. Hata vijijini kwetu msaada huja mara nyingine: mbegu, majembe, mbolea, au fedha kwa waliopatwa na mafuriko. Siku ile wote hufurahi, na ni haki wafurahi. Lakini kabla ya ngoma kulia, yafaa wazee waulize maswali matatu.

La kwanza: jina la nani limeandikwa? Mara nyingi ataandikwa mume, na anayelima ni mke. Ataandikwa mkubwa wa ukoo, na anayelima ni mjane wa mdogo wake. Asiyeandikwa leo, kesho ataambiwa kama wale wa Tyronza: wewe humo.

La pili: nani anayehesabu, na nani atakayesikiliza malalamiko? Wakiwa ni mtu mmoja, malalamiko hayatafika po pote. Afadhali hesabu isomwe mbele ya watu wote, kwa sauti, na jina moja moja.

La tatu: msaada huu utamfanya asiye na ardhi akae kwa amani, au utamfanya mwenye ardhi aitamani ile sehemu yake? Shamba lisilo na thamani hakuna amwondoaye mtu juu yake. Likiisha kupata thamani, wajomba wengi hukumbuka kuwa lilikuwa lao. Basi mapatano na yaandikwe kabla ya fedha kufika, si baada yake, na kila upande uwe na karatasi yake. Asiyejua kusoma amwite mtoto wake wa shule amsomee. Ndiyo kazi mojawapo tuliyomsomeshea.

Kijana wetu alirudi jana kutaka jibu. Tulimwambia: wale hawalipwi kwa kukaa bure, na hapo mwanzo kulikuwa na sababu njema. Lakini baba yako, kama angelikuwa Poinsett mwaka ule, je, angelikuwa katika wale waliolipwa, au katika wale waliotolewa? Alifikiri kitambo, akasema: «Shamba si letu, mwalimu. Tunalima kwa ruhusa ya mwenyewe.» Hakusema neno tena, nasi hatukumwongezea.

Kwa wanafunzi wote twaacha hesabu hii, waifanye nyumbani pamoja na wazazi wao. Bwana mmoja ana eka 1,000 na jamaa 50 za wapangaji, kila jamaa eka 20. Serikali yampa fedha apumzishe eka 400. Ni jamaa ngapi zitakazobaki na kazi? Hiyo kila mtoto wa darasa la nne ataiweza. Kisha ulizeni, nyumba kwa nyumba, zile jamaa nyingine zitalala wapi, na nani aliyepaswa kufikiri juu yao kabla ya kutia sahihi. Majibu yenu mtatuletea, nasi tutayasoma kwa furaha.